UZI: Debe la Januari. Jinsi kikundi chetu kinavyozishika familia za Chamwino, kuanzia Itiso mpaka Mpwayungu

Mleta uzi

Mbukwenyi wanajamvi.

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita, ndani ya gari la Mvumi, dada mmoja alinitambua akaniuliza: "Nyie mnaopeleka mahindi vijijini, hela mnatoa wapi, na mnajuaje nani hana?" Gari lilikuwa limejaa, nikamjibu juu juu. Jibu lenyewe ni hili.

Jina la kikundi sitalitaja, sitaki uzi ugeuke tangazo. Kimesajiliwa halmashauri kama kikundi cha kijamii. Tuna stoo moja ya kupanga na madaftari matano, moja kwa kila tarafa ya wilaya yetu: Itiso, Chilonwa, Makang'wa, Mvumi na Mpwayungu. Mfanyakazi wa mshahara hatuna hata mmoja.

Tulianzia msibani, mwaka 2011. Mwenzetu alifariki mwishoni mwa Novemba, tukaunda kamati kama kawaida: turubai, viti, masufuria, daftari la rambirambi. Watu walijaa. Tukazika, tukala, tukatawanyika. Katikati ya Januari nikapita kwa mjane kumpelekea kiasi kilichokuwa kimebaki mkononi mwa mweka hazina. Nikamkuta jikoni anasonga mlenda. Nikakaa kungoja ugali, maana kwetu mgeni haondoki bila kula. Ugali haukuja. Wale watoto wanne walikuwa wanakunywa mlenda kwenye vikombe.

Asiyetoka huku labda haoni uzito wa jambo hilo. Mlenda ni mboga, na majani yake yanaota yenyewe mvua ikinyesha, hata nyuma ya choo. Mgogo akila ugali mkavu bila mlenda utasema leo hawakuchuma. Akinywa mlenda bila ugali, ujue kihenge kimefagiliwa. Na watu wote wale tuliojaa pale msibani, hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nakaa umbali wa kutembea kwa miguu.

Usiku ule sikulala. Kesho yake tulikutana watu saba wa ile kamati, tukasema kamati haivunjwi.

Sasa nieleze kwa nini Januari. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Mwaka wa kawaida ni milimita 500 mpaka 600 hivi, na mara nyingi inakatika katikati. Chakula cha mwaka jana kinaisha Desemba, Januari, Februari, miezi ileile ambayo shamba linataka mikono. Mama asiye na unga anafanya nini? Anakwenda kulima kibarua kwa mtu mwingine apate kilo mbili za kupikia jioni. Anapalilia mtama wa wenzake, wake unamezwa na magugu. Mwezi wa sita anavuna magunia mawili badala ya matano, na Januari inayofuata yuko palepale. Si mvivu, wala si kwamba hajui kilimo. Njaa ya wiki tatu ndiyo inayomla mwaka mzima.

Ndiyo maana tunasema debe la Januari linapalilia ekari. Ukimpa mtu debe moja wakati huo, humpi chakula tu, unamrudisha shambani kwake. Debe hilohilo ukimpa Agosti, atashukuru, lakini halitabadilisha kitu.

Kununua tunanunua Juni na Julai, bei ikiwa chini: mtama vijijini kwetu, mahindi mara nyingine soko la Kibaigwa. Kabla ya kupokea tunapima ukavu. Chukua chupa kavu ya kioo, weka konzi kadhaa za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Hatutii dawa. Tunatumia ile mifuko ya kinga njaa: nailoni mbili ndani, kiroba nje. Unasokota shingo ya nailoni ya ndani, unaikunja, unaifunga, ndipo ya pili, ndipo kiroba. Dumuzi aliyeingia na mahindi anakosa hewa, anafia humo. Mfuko ukitobolewa na panya, kazi yote imeharibika, kwa hiyo stoo inafagiliwa kila siku, na paka tunaye.

Wahitaji wanatajwa na majirani. Kila kitongoji kina watu watatu: mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii akiwepo, mtu mmoja wa kanisani au msikitini, na jirani mmoja asiye na cheo chochote. Kila mmoja anaandika majina yake peke yake, kisha wanalinganisha. Jina likitokea kwa wote watatu, hakuna mjadala. Likitokea kwa mmoja, wanakwenda kuona. Mwenyekiti wa kitongoji anajulishwa, lakini orodha haitoki kwake. Si kwa kumdharau. Ni kwamba yeye ana wapiga kura, na tusimtie majaribuni.

Serikali ina mpango wake wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na sisi Chamwino tunaujua mapema kuliko wengi, maana sisi, Bagamoyo na Kibaha ndizo wilaya zilizofanyiwa majaribio ya ruzuku ile mwaka 2010. Unasaidia, sitausema vibaya. Lakini orodha ya mpango haiandikwi upya kila mwezi. Aliyefiwa Novemba, aliyeunguliwa nyumba, ambaye tembe lake limeangukia kihenge kwa mvua ya juzi, huyo hayumo. Ndiye wetu.

Naomba kuwasilisha. Mengine tutaendelea mkiuliza.

Mwana wa Kibaigwa

Mkuu, uzi mzito. Swali: mnagawa bure au mnakopesha? Huku Kongwa kijijini kwetu tulianzisha benki ya nafaka, ilikufa mwaka wa pili. Watu walichukua, hawakurudisha, tukaishia kununiana.

Mleta uzi

Yote mawili. Wale watatu wanaoandika majina ndio wanaoandika pia R au B pembeni ya jina. R anarudisha debe lilelile baada ya mavuno, bila riba, bila nyongeza. B harudishi: mzee, mgonjwa, mwenye mlezi mmoja na watoto wengi.

Tulichojifunza ni kwamba debe lirudi kitongojini, si kwetu makao makuu. Mwaka wa kwanza tulisomba yote kuleta stoo, watu wakaona kama kodi. Sasa linawekwa kwenye mfuko kwa mmoja wa wale watatu, na Januari linakwenda nyumba ya tatu kutoka pale. Ukirudisha unajua mtoto gani atakula. Mvua ikikataa kabisa, R zote zinafutwa, na hilo linasemwa hadharani kabla ya mavuno ili mtu asikimbie kijiji kwa deni la debe.

Mama Zabibu wa Hombolo

Nina viroba vitatu vya nguo za mitumba, safi kabisa. Naweza kuwaletea?

Mleta uzi

Ahsante sana mama. Nisiwe mnafiki, nguo hatuna pa kuzipeleka kwa sasa. Kama utaweza, mifuko ya kinga njaa ndiyo inayotupungukia kila Julai, au mafuta ya pikipiki. Nguo peleka hapo mtaani kwako, kuna mtu anazihitaji karibu kuliko sisi.

Binti Mvumi

Kaka mleta uzi, shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho, nimeweka simu chini, nimeichukua tena.

Sisi tulikuwa B. Nilijua leo kwamba kuna hiyo herufi. Mwaka 2013, niko darasa la sita, baba alikuwa ametuacha akaenda machimboni, hakurudi. Mama alikuwa na ekari moja na nusu ya mtama bondeni na alikuwa haigusi, anakwenda kulima kwa watu. Nakumbuka jioni moja mvua imekatika, pikipiki ikaja bila taa, ikasimama nyuma ya nyumba, si mbele. Yule mtu hakuingia. Alishusha kiroba, akamwambia mama, "Hiki chako, kesho usiende kwa watu." Akaondoka. Hakuandika kitu, hakumsainisha.

Mama alifungua kile kiroba, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaukalisha humo. Alikaa hivyo muda. Sisi tunamwangalia tu. Halafu akasema, "Twangeni."

Kesho yake tulishinda shambani kwetu sote, na mdogo wetu mgongoni. Wiki mbili tulipalilia yote. Hakuna mtoto shuleni aliyejua tulipewa. Hilo ndilo ninalolishukuru kuliko mtama wenyewe, maana darasa la sita ukichekwa hurudi.

Mimi sasa nafanya kazi hapa mjini. Nitumie namba ya kuchangia inbox.

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Nimekutumia. Nimewasomea wenzangu maneno yako hapa stoo, hakuna aliyesema kitu.

Na niseme kwa nini pikipiki haikusimama mbele. Mwaka wetu wa kwanza tuligawia uwanja wa shule. Foleni, meza, na mimi mwenyewe nimeshika simu napiga picha za kuwaonyesha waliochanga. Mzee mmoja alikuwa karibu afike mezani. Nilipoinua simu, akatoka kwenye foleni, akashika njia, na kiroba chake kitupu kwapani. Nilimfuata nyumbani kwake kesho yake na debe mkononi. Akanikaribisha kigoda, akanipa maji, akaniambia taratibu: "Mwanangu, nilikuja kuchukua, sikuja kuchukuliwa."

Tangu siku hiyo hakuna picha ya mtu. Tunapiga picha magunia.

Mgeni wa Mtumba

Mimi ni mtumishi, nimehamia Dodoma na wizara. Natamani kuchangia lakini niliwahi kuchangia kikundi fulani mkoa mwingine, viongozi wakapotea na hela. Na hapo kwenye picha ndipo ninapokwama. Bila picha nitaaminije kwamba mahindi yamefika? Siulizi kwa ubaya.

Mleta uzi

Hujauliza kwa ubaya, ndugu, ni haki yako.

Hela iko benki, watia saini watatu, kutoka tarafa tatu tofauti. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi stoo inahesabiwa wazi, mlango uko wazi, mtu yeyote aje ahesabu. Njoo wewe mwenyewe, kutoka Mtumba si mbali. Vijijini, mkutano mkuu wa kijiji unapokaa, tunaomba dakika tano tunasoma jumla: debe zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Majina hatusomi. Wanakijiji wanajua wenyewe kama hesabu inafanana na wanachokiona, na wasiporidhika wanasema palepale mbele ya mtendaji.

Na nikwambie lililotupata. Mwaka mmoja mtunza stoo wetu aliuza magunia kumi na moja. Alikuwa na mgonjwa, alikuwa amekwama, hakutuambia. Tuligundua Jumamosi ya kuhesabu. Wapo waliotaka tunyamaze ili wachangiaji wasikimbie. Tulibishana mpaka saa mbili usiku. Mwisho tuliwaandikia wote, wiki ileile, kiasi kilichopotea na namna kilivyopotea. Wawili waliacha kuchangia, na hatukuwalaumu. Yule mwenzetu aliuza ng'ombe akalipa yote kwa misimu miwili. Stoo haishiki tena, lakini hatukumfukuza kijijini, watoto wake wanacheza na wetu. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa kikundi cha kusaidia walioelemewa na hatukumwona aliyeelemewa ndani ya stoo yetu.

Mgeni wa Mtumba

Nitakuja Jumamosi.

Mstaafu wa Mpwapwa

Wanangu, nimefurahi. Niongeze la kale kidogo, maana naona mnashika wilaya nzima na wengine watajiuliza kwa nini msishughulike na kijiji chenu tu.

Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa. Kubwa kuliko zote waliyotusimulia ni Mtunya, ya miaka ya 1917 mpaka 1920. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipita hapa Ugogo. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wakabebe mizigo. Kisha mvua ikakataa. Nyumba zilibaki tupu, watu wakatawanyika huku na huku wakifa njiani. Bibi yangu hakupenda kulitaja jina hilo baada ya jua kuzama.

Sasa sikilizeni waliopona walisema nini. Mgogo hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wawili kwa rafiki wa huku, watatu kwa shemeji wa kule, siku mbili kwa miguu. Mvua ya Ugogo inachagua. Inanyesha kwa jirani, kwako inapita juu unasikia ngurumo tu. Mwenye watu wa mbali alikuwa na pa kukimbilia. Mwenye kijiji chake tu, kijiji kikikauka, amekauka nacho.

Hayo madaftari matano yenu ni zizi lilelile.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umesema jambo ambalo sisi tulilifikia kwa kuumia.

Miaka miwili ya mwanzo tulikuwa tarafa moja tu. Mwaka wa tatu mvua ikaruka upande wetu wote. Wachangiaji ndio wahitaji, aliyekuwa R kawa B, na stoo ikaisha Februari. Upande wa Itiso walikuwa wamevuna. Hatukuwa na mtu hata mmoja wa kumwomba, tulikuwa tunawajua kwa jina la gari tu. Ndipo tulipoanza kutembea tarafa kwa tarafa, tunakaa na watu, tunakula kwao, tunazika nao. Daftari la Mpwayungu lilichukua mwaka na nusu kupata watu watatu wa kuaminika kila kitongoji. Hii kazi haina njia ya mkato. Sasa Mei kila mwaka tunakaa pamoja tunatandaza madaftari chini: nani amevuna, nani hakuvuna. Aliyevuna anatoa kwa asiyevuna. Mwaka mwingine inageuka.

Mwana wa Kibaigwa

Hapo nimepata dawa yangu. Benki yetu ilikuwa kijiji kimoja, mvua moja.

Binti Mvumi

Na wagonjwa je? Naona umeandika chakula tu.

Mleta uzi

Kweli, nililisahau. Tunafanya machache. Kadi za CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii: kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, kwa mwaka. Kinachowashinda wengi si kukosa 30,000 kwa mwaka mzima, ni kuwa nayo yote siku moja. Kwa hiyo tunalipia Julai, nao wanatulipa kidogokidogo wakiuza kuku, alizeti, ufuta. Wajawazito tunachofanya ni kuhakikisha kila nyumba ina namba 115 ya m-mama imeandikwa ukutani kwa mkaa, kubwa, maana simu inaweza kuwa ya jirani. Ile namba ni ya bure, na usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga unaitwa hapo.

Lakini linalonikaa moyoni ni vikope. Wenyeji wanajua. Kope zinajikunja kuingia ndani, zinakwaruza jicho kila likipepesa, mpaka kioo cha jicho kinakuwa cheupe. Wabibi wanazing'oa kwa koleo, zinaota tena, ngumu zaidi. Upasuaji wake ni mdogo, mtu hata halazwi siku nyingi, na kambi za bure zinatangazwa mara kwa mara. Tulikuwa tunashangaa kwa nini bibi mmoja wa kitongoji cha kusini anakataa. Tumempa nauli, anakataa. Tumempa msindikizaji, anakataa. Mwaka wa pili ndipo binti mmoja kati ya wale watatu alipomuuliza swali ambalo sisi wote na elimu zetu hatukuliuliza: "Bibi, ukienda, nani atabaki na mbuzi?"

Hakuna. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Anaishi na mjukuu wa miaka mitano. Mbuzi saba ndio benki yake, na fisi wapo.

Kwa hiyo siku hizi kwenye daftari kuna safu mpya, "mbuzi". Kabla ya nauli tunaandika jina la jirani atakayechunga.

Mama Zabibu wa Hombolo

Nimenunua mifuko kumi ya kinga njaa leo hapa mjini, wauzaji wa pembejeo wanayo. Nikuletee wapi?

Mleta uzi

Mungu akubariki mama. Njoo nayo Jumamosi, tutakuwa tunahesabu. Nimekutumia ramani.

Mgeni wa Mtumba

Mrejesho. Nilikwenda jana. Nimehesabu magunia kwa mkono wangu na kitabu changu, yakaja sawa na yao. Nimebeba mawili mpaka kwenye gari la Mpwayungu, mgongo unalijua. Nimemkuta na mama wa mifuko, amekaa anamfundisha kijana kusokota nailoni. Nimejiandikisha.

Mleta uzi

Nami nimetoka Mpwayungu usiku huu, naandika nikiwa bado na tope miguuni. Mahindi ya Itiso yamefika yote, wenzetu wa huko walipakia wenyewe na hawakudai hata mafuta. Mtama umeota vizuri, magugu nayo hayakungoja mwaliko.

Yule bibi amekwenda kambi ya macho juzi, jicho la kulia limefanyiwa, anarudi keshokutwa, la pili litafuata baadaye. Mbuzi wako kwa jirani. Walikuwa saba, jana mmoja amezaa mapacha. Jirani ameniuliza apige simu amwambie, au amwache aje awaone mwenyewe.

Tumekubaliana asipige.